Moyo Upande wa Kulia

Ukweni kwake, kazi aliyoisomea haikupata kueleweka hata siku moja. Walisikia "anapiga picha hospitalini" wakaishia kwenye neno picha, na tangu aolewe wakamwita Mpiga Picha. Kila kukiwa na arusi ya ndugu alipigiwa simu aje na kamera. Akieleza kwamba picha zake ni za mifupa na mapafu, kwamba watu wake huvua mashati, husimama mbele ya mashine na kubana pumzi, mawifi walimcheka: "Sasa hao watatabasamu saa ngapi?"

Aliyeshika bendera ya kutoelewa alikuwa mama mkwe mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha kushonea kilikuwa mbele ya nyumba waliyoishi wote, yeye, mwanawe na Mpiga Picha. Alikuwa mwanamke wa sauti nene, mwenye kupima kila kitu kwa futi isipokuwa maneno yake. Yeye na Mpiga Picha hawakuwa wagomvi. Walikuwa na adabu tu, ile adabu ya watu wanaokutana mlangoni kila mmoja akamwambia mwenzake "pita wewe," wakabaki wamesimama.

Kikohozi ndicho kilichomfikisha mama mkwe kwenye chumba cha eksirei. Kilikuwa kimemganda kifuani hata mashine ya kushonea ikawa inasimama kila baada ya mshono mmoja, na daktari wa kliniki akasema apigwe picha ya mapafu. Aliingia amejipaka rangi ya mdomo.

"Nisimame vipi, mwanangu? Maana mimi upande huu ndio natoka vizuri."

"Simama umekiegemeza kifua hapa, Mama. Kidevu juu. Vuta pumzi, ibane. Usitikisike."

Mashine ikalia. Mpiga Picha akatazama kwenye kompyuta, na kilichoonekana pale kikamfanya asogeze kiti karibu. Mapafu yalikuwa na ukungu kidogo, jambo la dawa za juma moja. Lakini moyo ulikuwa umekaa upande wa kulia. Haukuwa umeegemea kidogo tu. Ulikuwa umejilaza kulia kabisa, kama mtu aliyehamia chumba cha pili na kupanga vyombo. Akaangalia ile herufi ndogo ya madini ya risasi ambayo huibandika kando ya mgonjwa ili upande usichanganywe. Herufi ilikuwa mahali pake. Akarudi kule ndani, akaomba samahani, akaweka kiganja kwenye kifua cha mama mkwe.

"Unatafuta nini tena?"

"Natafuta moyo, Mama."

"Miaka yote umekaa kwangu, leo ndiyo unautafuta moyo wangu?"

Mpiga Picha akacheka bila kutaka. Na chini ya kiganja chake, upande wa kulia, moyo ukagonga, du-du, du-du, wala hauna habari.

Daktari akaeleza taratibu. Kuna watu wachache huzaliwa hivyo, moyo kulia, na mara nyingi hata viungo vya tumboni navyo hukaa upande usio wake, ini kushoto, wengu kulia, kama mtu anayejiona kwenye kioo. Si ugonjwa. Mtu huishi akazeeka. Ila afadhali apimwe tumbo kwa ultrasaundi, wajue vizuri vitu vimekaaje.

"Daktari," mama mkwe akasema huku anafunga vifungo, "umesema si ugonjwa. Basi tumbo langu liache."

Na akikataa amekataa. Mwanawe, fundi majokofu, mtu mpole asiyependa kelele, alijaribu kumshawishi wakati wa chakula, akaambiwa ashughulike na friji. Hata hivyo habari yenyewe mama mkwe aliipenda kupita kiasi. Kabla juma halijaisha mtaa mzima ulijua. Wateja walikuja kupimwa nguo wakaishia kumpima yeye mapigo. "Weka mkono hapa. Siyo hapo, huko ni kwa watu wa kawaida. Hapa!" Rafiki yake mkubwa, muuza vifungo wa duka la jirani, aliweka sikio kabisa, akainuka na macho yamemtoka.

Sasa, Mpiga Picha alikuwa na jambo lake la pembeni, ambalo ukweni hawakulijua kwa sababu hawakuuliza. Saa za mapumziko ya mchana alikuwa akiandikia ensaiklopidia moja ya tiba iliyoko mtandaoni, inayoandikwa na watu wa kazi hizo kwa kujitolea. Mmoja huandika, mwingine husahihisha, wa tatu huongeza picha, na hakuna anayelipwa. Upande wa Kiswahili ulikuwa mtupu kama nyumba mpya. Ukitafuta nimonia unapata sentensi nne, na mojawapo ina makosa. Yeye alikwishaandika kuhusu kuvunjika kwa kifundo cha mkono na kuhusu watoto wanaomeza sarafu. Kuhusu moyo kukaa kulia hapakuwa na neno hata moja.

Akangoja mpaka jioni moja, jua likiwa bado halijazama, mama mkwe akiwa anapindia sketi, akaingia chumba cha kushonea.

"Mama, naomba ruhusa yako. Nataka kuitumia picha yako kwenye kitabu cha mtandaoni, wanafunzi na wauguzi wajifunze."

Cherehani ikanyamaza. "Kitabu? Mimi?"

"Wewe. Daktari amekubali, kuna karatasi ya ridhaa utasaini."

"Wataandika jina langu lote, au la kwanza tu?"

"Hawaandiki jina, Mama. Ni siri ya mgonjwa. Itaandikwa hivi: mwanamke, umri wa miaka sitini na kitu."

Mama mkwe akavua miwani. "Mwanamke. Mwanamke yupi? Si tumejaa duniani? Halafu hiyo sitini umeitoa wapi?"

"Kwenye kadi yako ya kliniki."

"Andika hamsini na kitu."

"Mama, hii ni sayansi."

"Basi hiyo sayansi haina adabu." Lakini alikwisha kuivuta karatasi, akasaini kwa herufi kubwa zilizojaa nafasi yote na kuvuka mstari.

Mpiga Picha akaandika ukurasa wake kwa siku kadhaa za mapumziko, chai ikipoa pembeni. Akaupa kichwa: "Moyo wa Kulia." Haukupita muda, msomaji mmoja akatoa pole kwenye nafasi ya majadiliano, akauliza kama ukurasa huo ni wa watu waliofiwa. Aliposimulia nyumbani, mume akacheka mpaka akakohoa, na mama mkwe akasema moyo wake haujawahi kulia, labda kwenye misiba miwili mikubwa. "Andika upande wa kulia, mwanangu. Hata mimi nikichora mfuko wa shati naandika upande." Ukawa "Moyo Upande wa Kulia," na hapo hakuna aliyetoa tena pole.

Jumamosi mama mkwe akatangaza uzinduzi. Neno ni lake mwenyewe. Sebule ikajaa: mawifi wawili, muuza vifungo, fundi viatu wa barazani, na mteja mmoja aliyefuata gauni lake akakuta viti vimepangwa akakaa. Fundi majokofu akaunganisha kompyuta na televisheni. Mpiga Picha akasimama mbele yao kama mwalimu wa somo, akaeleza kwamba kwenye picha hizi ni kama mtu amekutazama usoni, hivyo kushoto kwake ni kulia kwako. Wote wakaitikia kwamba wameelewa. Akafungua ukurasa.

Picha ikajitandaza kwenye kioo. Mbavu, mapafu, moyo.

Muuza vifungo alikuwa mtu wa kuhakikisha. Akanyoosha kidole, akahesabu kwa midomo, kulia kwangu kushoto kwake, akarudia. "Kwa hiyo moyo uko… kushoto," akasema. "Kama wangu mimi."

Mama mkwe akavaa miwani, akaisogelea televisheni.

"Huyu si mimi," akasema mama mkwe.

Mpiga Picha alikuwa amekwisha kuisogelea kompyuta. Chini ya picha palikuwa na maelezo mapya: "Picha ilikuwa imegeuzwa kwa bahati mbaya. Nimeirekebisha." Aliyeandika alijiita Darubini.

"Wamekugeuza, Mama."

"Wamenigeuza?" Mama mkwe akasimama. "Bila hata kuniuliza?"

Mpiga Picha akaanza kuandika majibu pale pale, maneno ya moto, mpaka mumewe akamshika bega: "Mke wangu, kunywa maji kwanza." Akanywa. Akafuta, akaandika upya kwa heshima: yeye ndiye aliyepiga picha ile, na mgonjwa yuko naye chumba kimoja sasa hivi, moyo ukiwa kulia na hasira ikiwa pande zote.

Darubini akajibu wageni wakiwa bado wanakunywa chai. "Ndugu mchangiaji, mimi ni daktari mstaafu wa kazi hizi. Nimeletewa picha nyingi za namna hii, na karibu zote zilikuwa picha za kawaida zilizogeuzwa na kidole kilichoteleza kwenye kompyuta. Kwenye yako siioni herufi ya upande. Iko wapi?"

Mpiga Picha akatazama. Alipokuwa akikata pembe ya picha ili aondoe jina la mgonjwa, alikuwa ameikata na herufi. Yeye, anayewagombeza wanafunzi wa mazoezi kila siku kwa kusahau herufi!

"Ana haki," akasema polepole.

"Nani ana haki?" wakauliza mawifi kwa pamoja.

"Huyo Darubini. Mimi ndiye niliyeikata alama."

Alitazamia kusemwa. Mama mkwe akamtazama, akauma mdomo, kisha akawageukia wageni. "Mimi mwenyewe nimewahi kumshonea mtu mikono miwili ya kushoto. Nyie kunyweni chai."

Jumatatu Mpiga Picha akaitoa picha ya asili kliniki, akaziba jina kwa ukanda mweusi na kuacha herufi ikionekana, akaipeleka. Darubini akashukuru, lakini hakuirudisha. "Vizuri sana," akaandika. "Ila herufi hubandikwa na binadamu, na binadamu huchoka. Kipimo cha pili kingemaliza ubishi wote. Je, ini la mgonjwa liko upande gani?"

Hilo akalipeleka nyumbani bila matumaini. Alimkuta mama mkwe amesimama kando ya cherehani, mkono mmoja ameubana chini ya mbavu za kushoto, kama alivyokuwa akifanya mara kwa mara baada ya chakula chenye mafuta. Kwenye droo ya nyuzi palikuwa na vidonge vyake vya vidonda vya tumbo, alivyokuwa akivinunua mwenyewe dukani tangu zamani.

"Anasemaje huyo mzee?"

"Anataka kujua ini liko wapi."

"Kwa hiyo bado anaona mimi mwongo."

"Hasemi hivyo, Mama, anataka tu ushahidi mwingi…"

"Kile kipimo alichosema daktari, kinafanyika lini?"

"Kipi?"

"Kile nilichokataa!"

"Hata kesho asubuhi. Ila usile kitu."

"Nitashinda njaa wiki nzima akitaka. Hanijui."

Daktari alibembeleza, mwana alibembeleza, ikashindikana. Mtu asiyeonekana, wa nchi isiyojulikana, alitilia shaka mara moja tu, na mama mkwe akawa wa kwanza mlangoni pa kliniki. Alivaa gauni lake bora, la kijani lenye maua makubwa mekundu, kazi ya mikono yake. Dada wa ultrasaundi akamwambia alipandishe hadi kifuani, na mama mkwe akanywea.

"Halitaonekana?"

"Pindo litaonekana kidogo, Mama."

"Basi lipange vizuri."

Akapakwa jeli ya kupimia, akaruka kwa baridi. Mpiga Picha akasimama karibu na kichwa chake. Dada akaanza upande wa kulia kwa mazoea, hakuna ini. Akahamia kushoto, likatokea, pana na tulivu. "Hili hapa! Ini kushoto!" Akarekodi kipande cha video kikionyesha mkono wake, tumbo, na pindo la maua mekundu. Mama mkwe akatabasamu kuelekea darini, kama kwamba kamera iko huko.

Kisha dada akasogea karibu na kioo. Akarudisha kifaa chini ya mbavu za kushoto, akakandamiza.

"Mama, hapa panauma?"

"Hapo ndipo penye vidonda vyangu vya tumbo."

"Nani alisema ni vidonda?"

"Muuza dawa. Nilimwonyesha mahali panapouma, akanipa vidonge."

"Na ukila vitu vya mafuta?"

"Pananichoma hadi mgongoni. Lakini nimezoea."

Mpiga Picha akainama kwenye kioo. Alikwisha kuona. Mfuko wa nyongo, ambao kwa watu wengine wote hukaa kulia, ulikuwa umetulia pale kushoto pamoja na ini lake, na ndani yake vimelala vitu vidogo vya duara, vinavyong'aa, kila kimoja na kivuli chake cheusi nyuma.

"Mama," akasema, "hivi si vidonda. Una mawe kwenye nyongo."

"Mawe? Nimekula mawe lini?"

"Hujayala. Yanajitengeneza yenyewe. Kila mtu yakimuuma yanamuuma kulia, daktari anajua mara moja. Wewe yanakuuma kushoto, mahali ambapo hakuna anayeyatafuta."

Mama mkwe akautafuta mkono wa Mpiga Picha, akaushika. "Kwa hiyo sikuwa natia chumvi. Maana hata mimi nilianza kuona labda najidekeza."

"Hukutia chumvi hata kidogo."

"Watanipasua?"

"Kidogo tu. Matundu madogo."

"Na wewe utakuwepo?"

"Nitakuwepo, Mama."

Alikuwepo. Daktari wa upasuaji alimwita kabla ya siku yenyewe akaitazama picha na video, akakuna kichwa, akafurahi kama mtoto aliyepewa fumbo jipya. Akapanga chumba upya: kioo kilichokaa huku kikahamishiwa kule, naye mwenyewe akasimama upande ambao hajazoea, akamwambia muuguzi wake amkumbushe kila akinyoosha mkono usio sahihi. Ilichukua muda kuliko kawaida. Mpiga Picha alikaa kwenye benchi la nje na mumewe, wakigawana karanga ambazo hakuna aliyekuwa na hamu nazo, mpaka daktari akatoka anavua kofia na kusema mambo yamekwenda salama.

Mama mkwe alipozinduka vizuri alitaka mambo mawili: uji, na majibu ya Darubini.

Majibu yalikuwepo. Mpiga Picha alikuwa amepeleka video ya ini, na kwa ruhusa ya mgonjwa akaandika habari ya mawe pia. Picha ilikuwa imerudishwa ilivyokuwa, moyo kulia, herufi ikionekana, na chini yake mzee ameandika: "Nilikosea, na sijawahi kufurahia kukosea kiasi hiki. Naomba radhi kwako na kwa mgonjwa. Mwambie namtakia nafuu ya haraka."

"Mjibu," akasema mama mkwe toka kwenye mto. "Mwambie nimemsamehe. Ila siku nyingine, kabla ya kumgeuza mtu, abishe hodi."

Mpiga Picha akaandika hivyo hivyo, neno kwa neno. Darubini akajibu kwa kuahidi.

Video nayo ikawa na mambo yake. Muuza vifungo aliifungua kwenye simu dukani, akaona tumbo lisilo na jina wala sura, la mwanamke wa miaka sitini na kitu, akapiga ukelele: "Hili ndilo gauni la shoga yangu!" Tangu hapo aliyeingia kununua zipu aliondoka amekwisha kuona ini. Mgonjwa mwenyewe, alipoambiwa kwamba siri yake imevuja, alijitahidi sana kuonekana amekasirika.

Alipopona, jambo moja likabadilika nyumbani bila mtu kulitangaza. Baada ya chakula cha mchana siku ambazo Mpiga Picha hakuwa zamu, mama mkwe hakurudi moja kwa moja kwenye cherehani. Alivuta kiti mezani, karibu na kompyuta, na mto wa pini mapajani, akauliza, "Leo tunaandika nini?"

Siku moja walikuwa wakiandika ukurasa wa mawe ya nyongo. Mpiga Picha alikuwa akisoma kwa sauti kila anapomaliza sentensi.

"Mgonjwa hulalamika maumivu chini ya mbavu, hasa baada ya kula vyakula vya mafuta."

"Hapo pabaya," akasema mama mkwe.

"Pabaya wapi? Ndivyo yalivyo, mafuta…"

"Mafuta sawa. Hulalamika, hapana. Nani alilalamika? Mimi nilimwambia muuza dawa panauma hapa. Nilisema. Kulalamika ni kule kwa mawifi zako wakikosa mwaliko."

"Mama, ndivyo tunavyoandika hospitalini. Vitabu vyote: mgonjwa analalamika kichwa, mgonjwa analalamika mgongo."

"Ndiyo maana hamtusikilizi. Mtu akilalamika unangoja anyamaze. Akisema, unamsikiliza."

Nje mteja aliita hodi kwenye chumba cha kushonea, na mama mkwe akamjibu kwa sauti angoje kidogo, kuna kazi. Mpiga Picha akarudi nyuma, akafuta neno moja, akaandika jingine: *Mgonjwa husema anasikia maumivu chini ya mbavu.* Akauweka ukurasa mtandaoni.

Wakakaa wakitazama kioo, mabega yamegusana. Baada ya muda jina la Darubini likatokea pembeni, maana yake mzee amefungua anasoma. Mama mkwe akabana pumzi kama vile yuko mbele ya mashine. Mzee akasoma mpaka mwisho, akarekebisha nukta mbili na herufi kubwa moja, lile neno akaliacha.

"Basi niende nikamshonee yule," akasema mama mkwe, akainuka anaimba.